Msalaba Uliotembea Kutoka Nyangezi

Cyangugu, 6 Machi 1975

Kaka yangu Constantin,

Pokea salamu zetu, wewe na Agathe na watoto, na Mama kule Nyangezi ukimwona kabla yangu. Sisi huku tuko tu. Yolande wangu ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki tena mbele ya wageni, anafunika mdomo kama sista mpya. Mama mkwe goti linamsumbua, ila ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Mimi mimba imepita miezi mitano na miguu imevimba. Sista wa dispensari alinikataza safari, ndiyo sababu sikuja kuondoa matanga ya Baba. Jambo hilo bado linaniuma. Baba alizaa mtoto wa kike mmoja tu, naye hakuwepo.

Sasa nikuulize. Honoré aliondoka hapa Jumamosi tarehe 22 Februari na msalaba wa kaburi la Baba begani, ameufunga kwenye shuka. Aliuchonga msalaba huo majuma matatu, akaacha milango ya watu haijamalizika kwenye karakana. Alisema atarudi Jumanne. Jumanne hiyo daraja la mpakani la Ruzizi likafungwa. Redio ya huku ilisema nchi yenu imekamata watu wetu bila sababu. Redio ya kwenu, tuliyoisikia kwa jirani, ilisema nchi yetu ndiyo iliyoanza kukamata watu wenu. Nani alianza mimi sijui, na nimechoka kuwasikiliza wote. Ninachojua ni kwamba leo ni siku ya kumi na mbili na mume wangu hajarudi.

Alifika? Msalaba ulifika? Mlitoka naye Nyangezi, au alibaki kwa Mama? Andika neno moja tu, "yuko", nami nitapata usingizi.

Barua hii nampa Sista Séraphine. Wamemruhusu kuvuka kwa ajili ya dawa za wagonjwa, lakini si kila wiki. Nikisimama kwenye bustani yangu ya vitunguu naona mabati ya mtaa wenu wa Nguba, na jua likiwaka naona hata doa jekundu, ambalo nadhani ni lile blanketi la Agathe kwenye kamba. Ukweli ni kwamba ningeweza kupiga kelele ukanisikia. Lakini tumefika mahali pa kuandikiana.

Ni mimi mdogo wako,
Marie-Louise


Bukavu, 2 Aprili 1975

Mdogo wangu Marie-Louise,

Barua yako ilinifikia jana. Sista Séraphine anasema ilikaa kwenye begi lake majuma matatu, kila akifika darajani anarudishwa. Nimefurahi kusoma kwamba mimba inaendelea vizuri. Agathe anakusalimu sana. Kwetu sukari imekosekana, na watoto wamezoea uji wenye chumvi, hata wanasema ni mtamu. Kila Jumamosi tunafanya salongo, ile kazi ya kusafisha mji kwa jina la Chama. Juma lililopita nilifagia barabara pamoja na mkubwa wangu wa ofisi, yeye akishika ufagio na mimi nikifagia. Tafadhali usiandike tena "Constantin" juu ya bahasha. Unajua huku majina ya ubatizo yamekatazwa. Ofisini naitwa mwananchi, citoyen Cirimwami, na Constantin amebaki ndani ya barua zako na kinywani mwa Mama.

Matanga yaliisha vizuri. Watu walijaa, pombe ya ndizi ilitosha, hata wasiomjua Baba walimlia. Msalaba ni kazi ya mtu anayejua mbao. Honoré aliusimamisha mwenyewe, akashindilia mawe chini, akaukagua kwa jicho moja amefumba lingine. Mama alipapasa herufi kwa kidole ingawa hajui kusoma. Wakubwa wa Nyangezi wote walisema Marie-Louise ameolewa na mtu mwenye adabu.

Kuhusu Honoré: Jumatatu, wakati wa kurudi mjini, kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, walishushwa watu kadhaa wa kwenu, naye akiwamo. Yuko katika gereza la hapa mjini. Nimeambiwa hali yake si mbaya. Mambo yanafuatiliwa kwa njia zinazofaa. Haya ni mambo ya serikali mbili na yanahitaji uvumilivu. Usijisumbue, fikiria mtoto.

Kaka yako,
C.


Cyangugu, 24 Aprili 1975

Kaka yangu (kwenye bahasha nimeandika Cirimwami, usiogope),

Salamu kwenu nyote. Namshukuru Mungu kwa uji wa chumvi, angalau upo. Yolande jino limeanza kuota. Anauliza baba yake atarudi kabla halijamaliza kuota au baada. Nimemwambia kabla.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ufagio wa mkubwa wako nimeuona waziwazi, jicho la Honoré akikagua msalaba nimeliona, hata nikalia. Kisha nikafika kwenye barrière na sikuona kitu. "Walishushwa watu kadhaa, naye akiwamo." Kaka, ninyi mlikuwa kwenye gari moja. Wewe ulisema nini? Wao walikujibu nini? Baba alikuwa akisema kwamba wewe tangu darasa la kwanza ukikosea unaanza kuandika vizuri.

Nikueleze ya huku, kwa sababu na huku wanakamata. Juma la Pasaka walikuja watu wa serikali wakiuliza nyumba zenye wazaliwa wa Zaïre. Mimi ndiye. Wakaniambia nivae viatu. Mama mkwe akainuka na goti lake, akasimama mlangoni, akawaambia: "Huyu ni wangu. Nilimtolea ng'ombe, na tumbo hilo ni la mwanangu. Mkimchukua mtanichukua na mimi, ila mtanibeba, goti haliendi." Wakacheka, wakaondoka. Sasa najiandikisha kwenye ofisi ya komuni kila Jumatatu, basi. Wewe unajua jinsi tulivyogombana miaka sita, mimi na yeye, juu ya namna ya kupika maharage. Siku hiyo nilimpikia kwa namna yake.

Karani mmoja wa komuni aliniambia hivi: nchi mbili hizi zitabadilishana wafungwa, na orodha zinaandikwa. Mtu anayetambuliwa na ndugu wa upande ule, akaandikiwa karatasi kwamba alikuja kwa matanga tu, huyo anawekwa mbele. Asiye na mtu wa kumtambua anaitwa mpelelezi, na wapelelezi hawabadilishwi. Nakuomba karatasi moja. Wewe unapiga mashine karatasi za serikali kutwa nzima.

Na nikukumbushe kwa heshima: Honoré hakutaka kuja. Uvumi wa kukamata watu ulikuwa umeanza. Ni wewe uliyeandika Januari kwamba mkwe asipofika kuondoa matanga, Nyangezi nzima itasema binti yao alitupwa kwa mtu asiye na asili. Barua hiyo ninayo.

Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nimechoka kuwa nyasi.

Mdogo wako,
Marie-Louise


Bukavu, 1 Juni 1975

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama na karibu na kujifungua. Agathe aliumwa jino akang'olewa, uso ulivimba siku nne, sasa ni mzima. Mtoto wetu mkubwa amefaulu mtihani wa hesabu. Mvua imeacha mapema mwaka huu na huko Nyangezi maharage ya Mama yamekauka kabla ya kujaza. Anakusalimu. Nilikwenda kumwona mara tatu tangu Pasaka.

Karatasi unayoiomba si jambo dogo kama unavyodhani. Kuna taratibu. Kuna barua ya serikali iliyotoka Februari inayosema mfanyakazi wa serikali asipokee mgeni wa nchi jirani nyumbani kwake bila kumwandikisha kwa mkubwa wa Chama wa mtaa. Honoré alilala kwetu usiku mmoja akienda Nyangezi. Sikumwandikisha. Ulikuwa usiku mmoja, na tulikuwa katika msiba. Kuna mambo mtu hawezi kuyaweka katika barua inayopita mikono mingi. Usinihukumu kabla ya kujua.

Nimempa Sista Séraphine blanketi ampelekee Honoré gerezani. Sikumwambia aseme limetoka kwa nani.

Kaka yako,
C.


Cyangugu, 8 Julai 1975

Kaka,

Mtoto amezaliwa tarehe 28 Juni, wa kiume, na analia kwa sauti ya Baba akiita ng'ombe. Mimi ni mzima. Yolande jino limeota lote, na hakuna aliyerudi. Mtoto hajabatizwa. Padri ananihimiza, anasema tusichelewe, mama mkwe naye ananihimiza kila asubuhi. Nimewaambia wote atamsubiri baba yake. Kwa hiyo namwita "Wewe", na anaitika.

Doa jekundu la Nguba silioni tena. Nilidhani macho yangu yameharibika kwa kuzaa. Kumbe lipo gerezani.

Sista Séraphine ameruhusiwa kuingia mle kupeleka komunyo. Amemwona Honoré. Amekonda na anakohoa, wanalala wengi chumba kimoja. Blanketi alipolipokea alilinusa, akasema: "Hili nililalia Nguba." Halafu akamwambia Sista maneno haya nikuandikie kama alivyonipa: "Mwambie Marie-Louise asimsumbue kaka yake. Ana watoto."

Kuna jambo lingine. Sista anasema tangu siku ya kwanza Honoré amewaambia wakubwa wa gereza kwamba hana mtu Bukavu. Kwamba alivuka kutafuta mbao za muvula, akapotea njia. Mwezi wa tano sasa anarudia hayohayo, na wao wameandika kwenye dossier, faili lake, kwamba ni mpelelezi, kwa sababu fundi gani wa mbao anapotea njia akiwa na suti nyeusi?

Mtu aliyetoka kumwondolea matanga baba mkwe wake anasemaje hana mtu? Honoré hajui kusema uongo. Nilipomuuliza kama amependa gauni langu la harusi alisema mikono imekatwa vibaya.

Leo sikuombi karatasi. Nakuuliza jambo moja tu, na usiniandikie habari za meno. Kilitokea nini barabarani?

Marie-Louise


Bukavu, 11 Agosti 1975

Marie-Louise,

Leo sitaanza na habari za watoto. Nimeona kwamba nazitumia kama pazia.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi nikaandika hii, na kabla sijamaliza nikaona haifai kuandika tu. Kwa hiyo nitakueleza mambo mawili, lililotokea Februari na lililotokea juma lililopita.

Jumatatu ile tulipanda camionnette Nyangezi, mimi na Honoré, tumekaa bega kwa bega kwenye ubao. Mama alikuwa amemfungia kikapu chako, fungu lako la nyama ya matanga, limefunikwa majani ya mgomba. Kabla ya kuingia mjini tukakuta barrière mpya. Askari akapanda, akasoma karatasi moja moja. Ya Honoré akaishika muda mrefu.

"Huyu iko wa ng'ambo," akawaambia wenzake chini. Kisha akatutazama sote. "Iko na nani hapa?"

Akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa vizuri na nilikuwa karibu.

"Citoyen, muko pamoja?"

"Hapana."

"Unamujua?"

"Simujui."

Ile barua ya serikali ya Februari ni mimi niliyeipiga mashine. Nilikuwa ninaijua kwa moyo, pamoja na adhabu yake iliyo mwishoni. Sikufikiri lolote zaidi. Neno lilitoka kabla sijalitafuta.

Honoré hakunitazama kwa hasira. Alisimama, akakiweka kikapu magotini pangu, akasema: "Papa, unishikilie hii, kama sirudie mukule." Akaniita Papa, kama unavyomwita mtu uliyekutana naye kwenye gari. Hapo hapo alikwisha kuelewa, na hapo hapo alikwisha kunificha. Gari likaondoka. Fungu lako la nyama tulilila Nguba. Agathe aliniuliza kwa nini Honoré hakulichukua, nikamwambia alilisahau.

Unajua sasa kwa nini karatasi haikuandikwa. Kuiandika ni kusema nilidanganya mbele ya askari, na kwamba nilimficha mgeni. Kila juma nilisema nitaandika juma lijalo. Niliona aibu, mdogo wangu, na aibu ikanifundisha kuandika barua ndefu.

Juma lililopita nilikwenda Nyangezi. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Maman, nilimukana Honoré."

Hakuinua kichwa. "Nilijua. Tangu Pasaka unakuja hapa, unaacha bugali ku sahani. Unataka nini?"

"Musalaba ya Papa."

Hapo ndipo aliponitazama. Unakumbuka nyuma ya msalaba Honoré alichonga nini, au labda hakukuonyesha? Mbele kuna jina la Baba. Nyuma, chini ya mkono wa kulia, kuna herufi ndogo: "Umepandwa na wanao Constantin na Marie-Louise, na mkwe wako Honoré aliyeuchonga. Februari 1975." Hakuna karatasi nyingine duniani inayotuweka sisi watatu mahali pamoja, isipokuwa barua zako, na hizo sikutaka wazishike.

"Kungoa musalaba ya mufu ni mubaya," Mama akasema. Akachambua maharage mengine. "Lakini papa yenu alipendaga kutembea. Chukua. Utamurudishia."

Niliung'oa mwenyewe. Majirani walisimama kwenye migomba yao wakitazama, na hakuna aliyenisalimu. Madereva wawili walikataa kunibeba. Msalaba uliotoka kaburini, walisema, hauingii kwenye gari la watu walio hai. Nikaenda kwa miguu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kilomita ishirini na zaidi, na udongo wa kaburi ulikuwa unanidondokea shingoni.

Kwenye barrière ileile nilisimamishwa. Sijui kama alikuwa askari yuleyule, wote wanafanana wakiwa wamechoka.

"Nani amekufa?"

"Papa yangu."

Akauzungusha, akasoma nyuma polepole. "Huyu Honoré iko nani?"

"Shemeki yangu."

"Pita," akasema, akarudi kwenye kivuli chake. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilitembea hatua kama mia, nikaketi kando ya barabara, nikalia. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni wakanipa pole ya msiba.

Kesho yake niliuingiza ofisini kwa mkubwa anayeshika dossier za wageni. Alisimama.

"Citoyen Cirimwami, unaingiza musalaba ku bureau ya serikali?"

"Soma nyuma, chef."

Akasoma. "Constantin iko nani?"

"Ni mimi."

"Jina hiyo imekatazwa."

"Ndiyo, chef. Iko imekatazwa, lakini ni mimi."

Akafungua dossier. Alikuwa na maneno ya askari wa barrière na maneno ya Honoré mwenyewe. Akaniambia: "Wewe ulisema haumujui. Yeye miezi tano anasema hana mutu hapa. Leo unakuja na mubao. Nani iko mwongo?"

"Sisi wote mbili, chef. Mimi kwa woga. Yeye kwa sababu yangu."

Akaniambia niandike, nikaandika kurasa mbili, nikatia sahihi kwa majina yote mawili. Msalaba ameuzuia. Umesimama kwenye ukuta wa ofisi yake na watu wanaoingia wanavua kofia bila kujua wanamvulia nani. Mimi nimeondolewa kwenye mashine yangu. Wananihamishia Walungu, kuandika ng'ombe wanaoingia sokoni. Agathe ameanza kufunga vyombo. Jana alinipa uji wenye sukari, sijui aliipata wapi.

Kama Honoré ameingia kwenye orodha, sijui. Hawakuniambia. Huenda nimechelewa. Huenda hata nimemharibia, kwa sababu sasa wanajua kwamba naye alidanganya. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nilitaka tu ujue kutoka kwangu.

Constantin


Cyangugu, 14 Septemba 1975

Kaka yangu Constantin,

Salamu kwako na kwa Agathe, huko Walungu kama mmeshafika. Salamu na kwa ng'ombe unaowaandika. Mama mkwe anasema Walungu kuna baridi, mvae sweta.

Amerudi. Walibadilishana watu darajani tarehe 30 Agosti, wa kwenu ishirini na wawili wakivuka kwenda kwenu, wa kwetu kumi na tisa wakivuka kuja kwetu. Nilikuwepo na mtoto mgongoni. Honoré alikuwa wa mwisho, na blanketi jekundu begani. Jina lake waliliandika chini ya orodha kwa kalamu wakati mengine yote yamepigwa mashine, kwa hiyo hukuchelewa. Kidogo tu. Anakohoa bado, lakini amekwisha kuingia karakana na kulalamika kwamba mtu amegusa randa yake. Yolande alimwonyesha jino. Mtoto alimtazama, akamlilia usoni kwa sauti ya Baba, naye akasema: "Huyu namjua."

Nilikasirika, Kaka. Nisikufiche. Barua yako ilinikuta juma moja kabla ya yeye kurudi na niliisoma nikiwa nimesimama kati ya vitunguu, nikaangalia mabati ya Nguba nikatamani kuyarushia mawe. Mama mkwe mwenye goti bovu alisimama mlangoni kwa ajili yangu, na mimi si damu yake. Wewe ulikuwa umekaa. Hilo nitakaa nalo muda, na sitaki uniharakishe.

Lakini nilimuuliza Honoré. Nilisubiri siku tatu ale ashibe kwanza, ndipo nikamuuliza: kwenye barrière, kaka yangu alifanya nini? Akaendelea kupiga randa. Akasema: "Kaka yako alikuwa amelala. Safari ilimchosha, ana msiba. Sikutaka kumwamsha." Nikamwambia nina barua yako, umeandika yote kwa mkono wako. Akapuliza vumbi la mbao, akasema: "Basi aliandika akiwa bado ana usingizi." Nimekueleza kwamba mume wangu hajui kusema uongo. Kumbe anajua mmoja, na anausema vizuri, na nimeona hatauacha mpaka afe. Usijaribu kumwomba msamaha, utamtesa.

Aliuliza jambo moja tu kuhusu hayo yote. Aliuliza kama msalaba umerudishwa, kwa sababu ukiung'oa mti uliokwisha kuota mizizi ya unyevu, mchwa wanajua. Anasema kabla ya kuurudisha ardhini uupake chini mafuta machafu ya gari, mara mbili, ukauke kati ya mara ya kwanza na ya pili. Na usishindilie mawe kama mtu wa ofisi.

Mtoto tutambatiza Jumapili tarehe 12 Oktoba. Wanasema daraja litakuwa wazi, tuwaamini kwa mara hii. Huku jina la ubatizo halijakatazwa, na Honoré amekwisha kulichagua, sitalitaja mpaka siku yenyewe. Msimamizi wake ni wewe. Mimi nilitaka mtu mwingine, nakuambia wazi. Honoré ndiye aliyekataa, akasema mtoto atasimamiwa na mjomba wake au atakaa bila jina kama alivyokaa. Uje na Agathe. Uniletee na fungu la nyama, kwa sababu langu mlilila.

Nikueleze jinsi tunavyofanya hapa, usije ukababaika. Padri anasimama mlangoni mwa kanisa kabla hatujaingia, watu wote wamekusanyika, na anamuuliza msimamizi: huyu mtoto ni wa nani? Padri wetu amezeeka, anauliza kwa sauti ndogo na masikio yake si mazuri.

Wewe umjibu kwa sauti kubwa.

Mdogo wako,
Marie-Louise